Windows, Mac, Linux au Chromebook: kompyuta ipi ya nyumbani kwa sie tuliopo Unguja na Pemba

Assalam alaykum. Mtoto wa dada angu yuko Wete, anahamia Unguja kuanza chuo SUZA, na babake kakusanya laki 8 za kompyuta ambayo ataitumia yeye chuoni halafu likizo inarudi nyumbani na wadogo zake wa skuli nao waiguse. Wiki mbili nzima napigiwa simu, leo "Khalati wenzangu wananambia nchukue Mac", kesho "Khalati kuna mtu anauza Chromebook laki mbili na nusu tu" (hiyo ni laptopu ya mfumo wa Google), na shemeji kwa upande wake anasema yoyote tu bora iwe Core i5 (aina ya prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta). Nimemjibu vipande vipande kwa voisi za WhatsApp mpaka nimechoka, sasa naandika yote pahala pamoja maana najua hayuko peke yake anaeulizia.

Mie kompyuta nimekuwa nazo nyumbani miaka mingi, nimetumia Windows, nimetumia Linux (mfumo wa bure), na kazini nina Mac (kompyuta ya Apple), na nilichokiona ni hiki: hapa kwetu usianze kuuliza mfumo gani mzuri, anza kuuliza ukiharibikiwa saa 2 usiku uko Wete au Makunduchi nani atakusaidia, umeme wako ukoje, na bando lako la mwezi ni GB ngapi. Mifumo yote minne inafungua mtandao, yote inaandika barua, yote inacheza video. Tofauti inakuja kwenye hayo mengine.

Kwanza dezitopu au laptopu. Dezitopu ya mtumba ni rahisi kuliko laptopu ya nguvu ile ile na ukitaka kubadilisha kifaa unabadilisha, lakini umeme ukikatika na wewe umekatika, kazi ambayo hujaisevu imekwenda, kwahiyo lazima uongeze UPS (lile boksi la betri la kuishikilia kompyuta umeme ukienda) na bei inakaribiana tena. Sie tulioliona giza la Unguja la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi 3 kisiwa hakina umeme wa gridi, hatuhitaji kuelezwa thamani ya betri. Saivi haiko hivo lakini kukatika katika kupo. Kama si stesheneri wala ofisi ya pahala pamoja, chukua laptopu, umeme ukienda unamaliza ukurasa wako taratibu.

Haya, Windows. Ndo mfumo uliozoeleka, kila fundi Darajani mpaka Chake anaujua, kila printa inaukubali, na programu nyengine haziko kwengine kabisa. Mtu anaesomea uhasibu na ofisi yake inatumia Access (programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu za data), Access haipo kwenye Mac. Anaesomea ujenzi na anatakiwa atumie Revit ya kuchorea majengo, Revit ni ya Windows. Wenye stesheneri wanaotengeneza kadi za harusi kwa Publisher pia wako Windows, na hao niwape habari mapema, Microsoft wameshasema Publisher mwisho wake ni Oktoba 2026, kwahiyo anzeni kuzihamisha kadi zenu kwenye Word au programu nyengine, au zisevuni PDF kabisa, msingoje mpaka mje mshindwe kuzifungua.

Tatizo la Windows kwa mnunuzi wa saivi ni kwamba Windows 10 imeshaachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inawaka, bado inafanya kazi, lakini zile apdeti za kuziba matundu ya usalama haziji tena kwa kawaida (kuna mwaka mmoja wa nyongeza unaweza kujisajili kwenye mipangilio, nao unaishia Oktoba 2026). Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 na diski ya kuhifadhia ya GB 64 kwa uchache, na kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Hapo kwenye kizazi ndo watu wanapigwa, kwahiyo nitapaeleza kwa urefu.

Ukiambiwa "hii Core i5" hujaambiwa kitu. Core i5 zipo tangu 2009. Mwambie muuzaji akuwashie, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au ingia kwenye mipangilio sehemu ya mfumo, halafu soma jina zima la prosesa. Utaona kitu kama i5-7200U au i5-8250U. Tazama tarakimu inayofuata baada ya kile kimstari: 7 ni kizazi cha 7, 8 ni cha 8. Zikiwa tano, kama i5-10210U, basi mbili za mwanzo ndo kizazi, hiyo ni ya 10, na i5-1135G7 ni ya 11, usije ukaisoma kuwa ya 1. Sasa hizo mbili nilizozitaja mwanzo, 7200U na 8250U, kwa mtu asojua ni ndugu wa tumbo moja, zimepishana mwaka tu, lakini ya kwanza ina koa (viini vya kufanyia kazi) 2 na ya pili ina koa 4, na ya kwanza Windows 11 haiitaki na ya pili inaitaka. Tarakimu moja tu hiyo. Na usiangalie jina la laptopu ukaridhika, maana HP EliteBook 840 G5 kwa mfano zimo za kizazi cha 8 na zimo za kizazi cha 7 na kava ni lile lile.

Nilikwenda na mtoto wetu duka moja mjini, kijana akatuonesha laptopu safi kabisa, inang'aa, "hii dada angu Windows 11 imo ndani tayari". Kweli imo. Nikasoma prosesa, i5-7300U. Nikamuuliza mbona hii si ya Windows 11, akasema fundi wao anajua njia. Njia ipo kweli, inapigwa Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, lakini Microsoft hawakuhakikishii kama apdeti zitaendelea kuja, na toleo jipya la mwaka likitoka haliji lenyewe, itabidi fundi tena. Ukiwa unajua na bei imeshushwa ni shauri lako, ila kuuziwa bila kuambiwa si haki kabisa.

Jengine la Windows ni leseni. Laptopu za maofisi za mtumba, hizi ThinkPad, Latitude, EliteBook, nyingi zimetoka kiwandani na leseni yake imo kwenye bodi yenyewe, ukipiga Windows safi ya toleo lile lile inajitambua ikiingia mtandaoni. Kwahiyo huna haja ya kreki, yaani kiprogramu cha kuidanganya Windows kuwa imelipiwa. Mie nilitiwa kreki miaka iliyopita na fundi ambaye simtaji, akazima na antivairasi ili ikubali, baada ya miezi mafaili yangu yote yakageuka jina, kila picha ikawa haifunguki, na kwenye skrini karatasi inanitaka nilipe kwa dola nirejeshewe. Zilikuwemo picha za marehemu mama yangu za Idi mbili za mwisho. Sikulipa na sikuzipata. Tangu siku hiyo mtu akinambia "nakupigia Windows na Office kwa elfu 15" namuuliza leseni iko wapi, na nyie muulize. Office ukikosa hela tumia ile ya bure ya mtandaoni ya Microsoft au LibreOffice (programu za bure za kuandikia na mahesabu), zinatosha kwa asaimenti.

Na bando. Windows inapenda kudaunlodi bila kukuuliza, siku ya kwanza tu inaweza ikamaliza bando la wiki. Ukiunga hotspoti ya simu nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, iwashe ile alama ya kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, itapunguza sana. Apdeti kubwa fanya ukiwa chuo au kwa mtu mwenye intaneti ya nyumbani.

Mac sasa. Sisemi uongo, MacBook Air ya M1 (prosesa ya Apple wenyewe) iliyotoka Novemba 2020 ni mashine nzuri kuliko laptopu nyingi mpya za madukani leo. Haina feni, kwahiyo haivuti vumbi wala ile hewa ya chumvi ya pwani ndani ya bodi, betri Apple wenyewe wanaitaja mpaka saa 18 za kutazama video, na hata ikishachoka inabaki na masaa mengi. Mfumo wake apdeti ni bure na mambo ya leseni hayapo. Word, Excel na PowerPoint zipo, programu za Adobe za picha na video zipo, na anaefanya video za maharusi au muziki hatojuta.

Lakini. Hela yake kwanza, bajeti ya laki 8 haimfikishi pazuri, na atakaeuziwa Mac kwa bei hiyo mara nyingi atapewa ya prosesa ya Intel ya miaka ya 2015 mpaka 2017, na hizo Apple wameshaziacha. macOS Tahoe, toleo la mfumo wa Mac la 2025, ndo ya mwisho kukubali Intel na yenyewe inakubali chache tu za 2019 na 2020. Kwahiyo Mac ukiamua kununua iwe ya M1 kwenda juu, chini ya hapo usihangaike. Pili ramu na diski zimegandishwa kwenye bodi, GB 8 uliyonunua ndo utakayozeeka nayo, na bodi ikifa mafaili yamekufa nayo, bila diski ya nje ya kuwekea nakala usimiliki Mac. Tatu matengenezo, Unguja mjini utapata wa kukubadilishia betri, lakini ukiwa Mkoani au Konde kioo kikipasuka ni safari ya boti.

Na Mac za mtumba kutoka Dubai na Ulaya zina mtihani mmoja mkubwa, kufungwa. Kuna kufungwa kwa akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, na kuna kufungwa na kampuni au skuli iliyokuwa inaimiliki. Hii ya pili ndo hatari zaidi kwa sababu muuzaji anaweza kukuonesha imewaka na inafanya kazi vizuri, ukafika nyumbani ukaiformati, ikiingia mtandaoni inakwambia mashine hii inaendeshwa na kampuni fulani. Dawa yake ni kukaa dukani, mwambie aifute yote mbele yako, iunge kwenye hotspoti yako mwenyewe, ipite hatua zote mpaka ifike kwenye skrini yake ya kawaida ya kazi. Akikataa au akasema hana muda, inuka uondoke.

Linux watu wanaiogopa bure na wengine wanaisifia kupita kiasi. Aliianza Linus Torvalds, kijana wa Finland, mwaka 1991, na leo imegawika matoleo mengi ya bure. Kwa mtu wa nyumbani mie nataja mawili tu. Ubuntu, ambayo mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilianza 2004 na jina lake ni neno la huko lenye maana ile ile ya utu wetu. Na Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu lakini sura yake mtu aliyetoka Windows anaizoea siku ya kwanza, menyu iko chini kushoto pale pale. Mint yenyewe inasema GB 2 za ramu inawaka, GB 4 ndo raha, kwahiyo zile laptopu za zamani zilizokataliwa na Windows 11 ndo pahala pake. Mint 22 itakuwa inapata apdeti mpaka 2029. Na apdeti hazianzi zenyewe katikati ya kazi, inakuonesha orodha, unachagua, bando lako unalitawala mwenyewe.

Kitu kizuri kuliko vyote cha Linux ni kwamba unaijaribu kabla hujaipiga. Unaitia kwenye flashi, unawasha laptopu kwa flashi hiyo, inafunguka nzima bila kugusa diski. Hapo ndo ukague Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera? Kuna laptopu zenye Wi-Fi za Broadcom ambazo haziamki mpaka utie draiva (kiprogramu cha kukiendesha kifaa), hapo unga simu kwa waya wa USB upate intaneti ndo uidaunlodi. Printa nyingi za HP zinakubali bila tabu, nyengine zitakutesa, jaribu na printa yako mwenyewe usitegemee maneno yangu.

Inapokwama ni kwenye programu. Adobe hakuna. Office yenyewe ya kupiga hakuna. LibreOffice inafungua faili la Word lakini jaduweli zinaweza zikasogea, na mwalimu wa chuo akiona ripoti yako imepinda hakuulizi umetumia mfumo gani, anakata maksi. Ukimaliza kazi ya Linux ya kukabidhi, toa PDF. Na fundi wa mtaani wengi wao ukimpa laptopu yenye Linux atakachofanya ni kuifuta akupigie Windows, nimeshuhudia, kwahiyo mwambie wazi kabla hajaigusa.

Niongeze kitu kwa walimu wa madrasa maana ninao ndugu wanaoandika Kiarabu na Kiswahili kwenye karatasi moja. Kwenye Windows na Word hilo halina shida, unaongeza kibodi ya Kiarabu na unabadilisha kwa kitufe cha Windows na speisi. Mac nayo ipo vizuri saivi. LibreOffice inaweza pia, ila lazima uingie kwenye mipangilio ya lugha ukaiwashe sehemu ya lugha zinazoandikwa kulia kwenda kushoto, ndo vile vitufe vya kugeuza aya vitokee juu. Watu wengi hawajui hapo wanasema haifai.

Chromebook sitokaa nayo sana. Ni nyepesi, virusi vya Windows haviipati, mtoto wa skuli anaiweza, lakini kazi zake nyingi zinataka intaneti, diski zake nyingi ni GB 32 au 64, na bila bando mtu anabaki kuitazama. Google Docs unaweza kuiandaa ifanye kazi bila mtandao, ila uiandae kabla. Za mtumba nyingi zilikuwa za skuli za Marekani na nazo zinafungwa na skuli kama nilivosema kwenye Mac. Halafu kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho wa apdeti, zilizotoka 2021 na kuendelea zimepewa miaka 10, za zamani zaidi inabidi uangalie kila moja. Ile ya laki mbili na nusu aliyoletewa mtoto wetu tulipoitafuta jina lake, tarehe yake ilishapita.

Kwahiyo ukiniuliza kwa kuziweka ubavu kwa ubavu: kwa betri na kudumu Mac ya M1 inashinda bila ubishi, kwa fundi na programu Windows, kwa mashine kongwe na bando dogo Linux, na Chromebook naiweka mwisho labda nyumbani una intaneti ya mwezi mzima. Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye laki 8 hapa kwetu, mie nasema Windows 11 kwenye laptopu ya ofisi ya mtumba, kizazi cha 8 kwenda juu, au prosesa ya AMD Ryzen kuanzia 3000, ramu GB 8, diski iwe SSD si ile ya kuzunguka. Laptopu mpya ya dukani ya bei hiyo itakuwa na prosesa ndogo ya Celeron na ramu GB 4, mpya kwa jina tu, mwaka wa pili inakwama kwenye kufungua Word na brauza pamoja.

Tulichokinunua mwisho wa yote ni ThinkPad T480 yenye i5-8250U. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unaichomoa kwa mkono, maana yake ya nje ikifa unanunua unapachika mwenyewe hata ukiwa Wete. Kabla ya kulipa nilifungua ule ukurasa mweusi wa amri nikaandika powercfg /batteryreport, inatengeneza ripoti inayokuonesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na saivi imebaki na uwezo gani. Ya ndani nzima, ya nje imebaki chini ya nusu. Muuzaji alikuwa hajui kama ripoti hiyo ipo, alipoiona mwenyewe akapunguza elfu 40. Nikaigeuza chini nikatazama skrubu, zina kutu? Skrubu zenye kutu hapa kwetu zinakwambia mashine imekaa na chumvi au imemwagikiwa, na bodi ndani haiko salama. Zilikuwa safi. Nikachomeka flashi kila tundu la USB, nikaandika herufi zote za kibodi, nikatazama kwenye mipangilio kama Windows imeamilishwa kwa leseni ya dijitali. Laki 6 na elfu 80.

Zilizobaki kanunua diski ya nje na mausi, na chaja tukaibadilisha waya wa plagi ya pini tatu maana ilikuja na ya Ulaya, kichwa chenyewe kinapokea volti 100 mpaka 240 kwahiyo hakina shida.

Na ile Dell yao ya zamani iliyopo Wete, ya kizazi cha 4 na ramu GB 4, shemeji alikuwa keshasema aitupe. Nimemwambia aiache, itakuwa ya wadogo. Flashi ya Mint nishaitayarisha, nimeijaribu kwenye laptopu yangu inawaka, inaondoka na boti ya Alkhamisi, na jioni yake n'tampigia video nimuelekeze hatua kwa hatua.